Kutembelea bonde la maji: mapatano kwanza, matembezi baadaye



Mji wetu wa Kisangani unapata mvua karibu mwaka mzima. Katikati ya mitaa yake kuna mabonde yenye vijito, na chini ya mabonde hayo kuna potopoto. Wengi wetu tunapita hapo kwa haraka, tumekunja suruali, tukifikiria mbu na harufu ya takataka. Lakini kwa familia nyingi zilizokimbia nyumba zao, potopoto hilo ndilo shamba la kwanza walilopata mjini. Wanalima lengalenga na matembele, wanachota maji ya kumwagilia, na watoto wanatega samaki wadogo.

Siku moja tulikuta mabishano katika bonde moja la Kabondo. Mama mmoja aliyetoka ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, alikuwa amelima matuta manne. Kijana wa mtaa alimwambia: "Mama, utuachie hapa. Tunataka kupasafisha, tupande miti, watu waje kutembea na kupumzika." Mama akamjibu: "Mwanangu, ni wazo zuri. Lakini mimi na jembe langu tutatembea wapi?"

Tulirudi nyumbani na swali hilo. Kijana alikuwa na haki, na mama alikuwa na haki. Katika makala hii tunaeleza bonde la maji linafaa nini, linakufa namna gani, linafufuka namna gani, na wenzetu wa nchi jirani walifanya nini mpaka watu wakaja kulitembelea. Tunaeleza pia jambo ambalo viongozi wasipolitengeneza mapema, kazi nzuri ya kutunza maji inaweza kuzaa ugomvi mpya.

Ardhi oevu ni nini?

Ardhi oevu ni mahali ambapo maji yanakaa juu ya udongo, au karibu na uso wake, kwa muda mrefu wa mwaka. Inaweza kuwa kinamasi, bonde la kijito, ukingo wa mto au msitu unaojaa maji. Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalipatana kutunza mahali pa namna hiyo. Nchi yetu ilijiunga na mapatano hayo mwaka 1996. Mwaka 2008 eneo la Ngiri-Tumba-Maindombe, lenye zaidi ya kilomita za mraba 65,000, liliandikwa katika orodha yake. Eneo hilo liko chini ya mto wetu, upande wa magharibi.

Bonde dogo la mtaa si kubwa kama Tumba, lakini linafanya kazi ileile:

- Linapokea mvua kubwa na kuiachia polepole, kama sifongo. Bonde likijazwa udongo na nyumba, maji yanatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa mtu.
- Mizizi ya majani inapunguza mwendo wa maji, na uchafu unashuka chini. Maji yanayotoka ni safi kuliko yale yaliyoingia, ingawa bado si ya kunywa bila kuyachemsha.
- Samaki wanazalia humo, katikati ya majani, mahali ambapo mkondo si mkali.
- Linatoa vitu vya nyumbani: ndele za kuezekea, kamba, dawa, na majani mapana ya kufungia kwanga.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mto Kongo ulipanda kule Kinshasa hadi mita 6.20, karibu kabisa na kipimo cha mwaka 1961 cha mita 6.26. Familia nyingi kandokando ya mto zilipoteza nyumba. Bonde la Kabondo haliwezi kuzuia mto mkubwa. Lakini mvua inayoanguka juu ya paa zetu wenyewe inahitaji mahali pa kupumzika kabla ya kufika mtoni.

Linakufa namna gani, na linafufuka namna gani?

Bonde la maji halifi siku moja. Mtu wa kwanza anachimba mfereji ili akaushe kipande chake. Wa pili anatupa takataka za soko. Wa tatu anachimba udongo wa matofali na kuacha mashimo. Wa nne anajenga. Kila mmoja anaona kosa la mwenzake, wala haoni lake.

Kulifufua ni kurudi kwa hatua zilezile. Kwanza takataka zinatolewa, na watu wanapewa mahali pengine pa kuzitupa. Kisha mifereji inazibwa au kupunguzwa, ili maji yakae tena. Majani na miti ya asili inarudi, mingine yenyewe, mingine kwa kupandwa. Pembeni ya kijito panaachwa ukanda usiolimwa, ili udongo usishuke. Majani yakisharudi, wadudu wanarudi, halafu vyura na samaki, na ndege wanawafuata. Kazi hiyo inachukua miaka, lakini inaanza kuonekana mapema kuliko tunavyodhani.

Watu hutuuliza: "Na mbu je?" Swali ni la haki. Mbu wa malaria wanapenda sana vidimbwi vidogo vyenye jua, kama mashimo ya matofali na nyayo zilizojaa maji. Maji yenye samaki yana viluwiluwi vichache zaidi, kwa sababu samaki wanavila. Lakini hatuwezi kuwadanganya: mbu hawataisha. Kila familia iendelee kulala chini ya chandarua.

Mifano miwili kwa majirani

Mifano tunayoileta inatoka Uganda na Rwanda. Tunajua kwamba majina hayo yanaumiza wasomaji wetu. Majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana hapa mjini kwetu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, na kila familia ya Kisangani ina lake la kusema juu ya vita ile ya siku sita. Hatusahau, wala hatuombi mtu asahau. Tunatazama tu walivyofanya wakulima na wakaaji wa mabonde, kwa sababu shida yao inafanana na yetu.

Bigodi, Uganda

Bigodi ni kijiji kilicho kando ya msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Hapo kuna kinamasi cha Magombe chenye mafunjo mengi. Pembeni yake wanaishi Batooro, ambao ni wenyeji, na Bakiga, ambao wazee wao walihamia kutoka kusini-magharibi wakitafuta ardhi. Mwaka 1992 watu wa kijiji waliunda chama chao, kinachojulikana kwa jina la KAFRED. Waliona kwamba wageni wanakuja kutazama sokwe katika msitu wa serikali, kisha wanaondoka bila kijiji kupata kitu. Wakatengeneza njia ndani ya kinamasi chao, wakaweka mbao za kukanyagia mahali penye matope, na vijana wa kijiji wakajifunza kuwa waongozaji.

Leo mgeni analipa ada, anapewa mwongozaji na viatu vya mpira, na anatembea kwa saa mbili au tatu. Anaweza kuona mbega wekundu na ndege wa aina nyingi, pamoja na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi ambaye anaishi hata katika misitu yetu ya Tshopo. Fedha za ada zilisaidia kujenga shule ya sekondari ya kijiji. Wamama wanauza mikeka na vikapu kwa wageni haohao.

Si kila kitu ni kizuri. Kima wanatoka kinamasini na kula mahindi ya wale wenye mashamba karibu. Mwenye shamba la pembeni anapata hasara kubwa kuliko jirani anayekaa mbali, wakati shule ni ya wote. Kwa hiyo mazungumzo juu ya kugawana faida na hasara hayaishi. Yanahitaji mikutano kila mara.

Mwaka uleule wa 1992 kulitokea jambo jingine karibu na hapo. Serikali iliwafukuza maelfu ya watu waliokuwa wakiishi na kulima katika hifadhi ya Kibale na ukanda wa wanyama uliopakana nayo. Wengi walikuwa Bakiga. Wengine walipelekwa Bugangaizi, katika eneo la watu wengine, na miaka iliyofuata kulikuwa na mvutano mkali kati ya wenyeji na waliohamishiwa huko. Msitu ulipata amani yake, lakini ugomvi ulihamishwa pamoja na watu.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Pande zote mbili kulikuwa na nia ya kutunza pori. Upande mmoja watu walikaa chini wakapatana, na upande mwingine watu waliondolewa. Sisi tunaojua maana ya kukimbia na godoro kichwani hatuna haja ya kufafanuliwa tofauti yake.

Nyandungu, Rwanda

Nyandungu ni bonde lililo ndani ya mji wa Kigali. Lilikuwa limeharibika. Kazi ya kulifufua ilianza mwaka 2016, na Julai 2022 lilifunguliwa kwa watu wote. Lina hekta 121. Kuna madimbwi, miti ya asili, njia za kutembea kwa miguu na njia za baiskeli. Mji wetu wa toleka ungependa sana njia za namna hiyo! Hapa tunajifunza kwamba bonde la mjini linaweza kurudi hata likiwa limechoka kabisa. Lakini mradi wa namna hiyo unahitaji fedha nyingi za serikali na wafadhili. Kabondo isingojee fedha hizo ndipo ianze. Kwa njia ya Bigodi, mbao, mapanga na mapatano vinatosha kwa kuanza.

Kwa nini kutembea, wakati watu wana njaa?

Kiongozi mmoja wa familia zilizohama alituuliza hivyo, na tulimshukuru kwa swali lake. Mgogoro wa ardhi ulioanza Lubunga mwaka 2023 kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola uliwafanya watu wengi kuvuka mto. Waliacha mashamba, lakini waliacha pia kivuli, njia za msituni, na vijito walivyovijua tangu utoto. Mtu anayekaa miezi mingi chini ya turubai, bila kazi na bila nafasi, anachoka moyoni. Watoto wanajifunza kugombana kwa sababu hawana pa kuchezea.

Matembezi hayajazi chungu. Lakini tumeona mambo matatu watu wanapotembea pamoja bondeni. La kwanza, mtu anayehama anakuwa mwalimu: mama aliyekuwa anangoja msaada anaonyesha jani la dawa ambalo vijana wa mji hawalijui. La pili, watu wanaongea kwa urahisi zaidi wakitembea bega kwa bega kuliko wakikaa uso kwa uso katika mkutano. La tatu, kila mmoja anaona kwa macho yake nani analima wapi, na maneno ya uvumi yanapungua.

Namna ya kupanga matembezi ya kwanza

- Ombeni ruhusa kwa shefu wa mtaa na kwa wenye mashamba. Msipite juu ya matuta ya mtu.
- Chagueni watu kumi na tano au chini ya hapo: wenyeji na waliohama kwa idadi sawa, wanaume, wanawake na vijana.
- Nendeni asubuhi, kabla ya jua kali, na siku ambayo haikutanguliwa na mvua kubwa usiku.
- Vaeni viatu. Msioge wala kusimama muda mrefu katika maji yaliyotulia, kwa sababu ya kichocho. Watoto wadogo washikwe mikono.
- Tembeeni polepole, na kila baada ya hatua mia msimame kimya dakika moja. Sikilizeni. Ndege hawaji kwa kelele.
- Msiwapige picha watu waliohama bila ruhusa yao, hata kama nia ni njema.
- Mwishoni kaeni chini ya mti, na kila mmoja aseme kitu kimoja alichoona, na kitu kimoja kinachomtia wasiwasi. Mwandishi aandike yote, bila kuchagua.

Mapatano kwanza

Matembezi yakipendeza, mara watu wataanza kusema: "Tulifunge bonde hili, tulitunze." Hapo ndipo pa kuwa na subira. Kabla ya kufunga hata hatua kumi za ardhi, viongozi wafanye kazi hii.

Kwanza, andikeni majina ya wote wanaotumia bonde: wanaolima, wanaovua, wanaochimba udongo, wanaochota maji, wanaofua. Msiwasahau wale wanaokuja mangaribi, wala wanawake wasiosema mkutanoni. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa ndiye atakayefukuzwa kwanza.

Pili, chunguzeni haki. Kwa sheria ya nchi ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya serikali. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba desturi, wazee na karatasi za mtaa vinahesabiwa pia. Mwenye karatasi na mwenye jembe wote waitwe.

Tatu, gawanyeni bonde katika sehemu tatu. Katikati, penye maji na mazalio ya samaki, paachwe papumzike. Pembeni yake pawe mahali pa kuchuma majani, kukata ndele na kuvua kwa kiasi na kwa msimu. Juu zaidi, penye udongo mkavu, pabaki mashamba ya mboga. Njia ya matembezi ipite pembeni ya sehemu hizo, isikate shamba la mtu.

Nne, anayepoteza tuta apewe tuta kwanza. Tuta la badala lionyeshwe kwa macho, lipimwe kwa hatua, na mavuno yaliyo shambani yangojwe. Ahadi ya "tutakupatia baadaye" isikubaliwe. Watu wa Bugangaizi na watu wa Lubunga wanajua mwisho wa ahadi za namna hiyo.

Tano, kama siku moja wageni watalipa hata franka chache, pataneni kabla: nani anashika sanduku, nani anasoma hesabu mbele ya watu, na sehemu gani inakwenda kwa wale waliopunguziwa mashamba.

Sita, andikeni yote katika Kiswahili, na kama kuna haja katika Kilingala pia. Yasomwe kwa sauti na kutiwa sahihi mbele ya shefu wa mtaa na wajumbe wa pande zote. Nakala moja ibaki kwa wahamaji, si kwa viongozi peke yao.

Tulimrudia yule mama wa matuta manne. Bado analima. Yule kijana na wenzake wametoa takataka upande wa chini, na wameacha matuta yake. Hawajaandika mapatano, kwa hiyo hatuwezi kusema kazi imekwisha. Lakini siku ile tulipofika walikuwa wamesimama pamoja wakibishana juu ya kitu kingine kabisa: kama yule ndege mweupe aliyesimama majini ni mgeni, au alikuwapo siku zote na wao hawakumtazama.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mtaa wenu, nani anatumia bonde la maji? Kuna mtu ambaye mmemsahau?
2. Bonde likifungwa kesho, nani atapoteza chakula chake wiki ileile?
3. Mnajua mahali ambapo utunzaji wa pori au maji ulileta ugomvi? Ni mapatano gani yaliyokosekana?
4. Wale waliohama wana ujuzi gani wa mito na misitu ambao wenyeji wangefurahi kujifunza?
5. Tuta la badala litatoka wapi? Mwenye nalo ameulizwa?

Anzeni na swali la tano. Likipata jibu, mengine yatakuwa mepesi.